Ng'ombe, Mtama na Bei: Jinsi Soko Lilivyoingia Ugogo



Imekuwa desturi katika semina zetu kusemwa kwamba ufukara wa Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, una sababu moja, nayo ni kuwa soko halijawafikia wenyeji. Na kwamba siku kila mfugaji atakapokuwa na simu ya kumwonyesha bei na kumpokelea fedha, tofauti baina ya mwenye nacho na asiye nacho itapungua yenyewe. Dhana hii siikubali, na maadamu aliyeitetea kwa ufasaha kupita wote ni rafiki yangu aliyeketi mstari wa mbele, ataniwia radhi nikitumia sehemu kubwa ya wakati wangu kuibomoa.

Soko halijawafikia! Katika karne ya 19 misafara ya pembe baina ya Bagamoyo na Unyanyembe haikuwa na budi kukatiza nchi hii kavu, na watemi wake wakitoza hongo kwa merikani, kaniki, shanga na nyaya, hata maji ya visimani yakawa na thamani yake kwa nguo. Wasafiri wa Kizungu, Burton aliyepita mwaka 1857, na Stanley baada yake mwaka 1871, walilalamika sana; walakini malalamiko yao, ukiyasoma kwa makini, ni ithibati ya watu waliojua barabara msafiri mwenye kiu atakubali kulipa kiasi gani.

Hapa namrudia Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, ambaye wasomi wa fasihi humkumbuka kwa ngonjera na kukisahau kitabu chake cha mwaka 1954, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, ambacho nakala yangu nimeisoma hata jalada limeachana na kurasa. Mgogo huyu aliyechagua kuwaandika watu wake kwa Kiswahili anaonyesha jinsi koo zilivyotoka pande mbalimbali, mpaka msomaji akatambua kwamba Ugogo ni taifa lililokusanyika. Na watu waliokusanyika, naongeza mimi, huhitaji njia ya kufanyana ndugu. Aghalabu njia hiyo ilikuwa ng'ombe. Mwenye kundi humkabidhi jirani au shemeji baadhi ya mifugo. Huyo hunywa maziwa, naye mwenye mali huepuka kupotelewa na wote kwa ukame mmoja. Rafiki yangu huiita mali iliyolala. Mimi huiita bima, wala sijasikia hoja ya kunibadilisha.

Bima hiyo ilivunjwa na vita vya 1914 hadi 1918, majeshi yalipochukua mifugo, nafaka na wapagazi, mvua nazo zikakosa, ikaja njaa ya Mtunya. Mwanauchumi Amartya Sen, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya ufukara na njaa, alieleza kwamba ukame humpiga mfugaji mara mbili: ng'ombe hushuka thamani wakati uleule nafaka inapopanda.

Nimeyaona hayo kwenye mnada wa Msalato, kiangazi kikiishia, nikiwa na mjomba wangu na maksai wake aliyehesabika mbavu. Dalali alimbonyeza nyonga, akatikisa kichwa, akataja bei ya kuudhi. Mjomba alikuwa na simu mfukoni, na asubuhi hiyo alikuwa ameuliza hata bei ya mahindi ya Kibaigwa. Akaipokea bei ile, kwa kuwa gunia la nyumbani lilikuwa limekwisha, na madalali wote walijua. Aliyenunua alikuwa na kisima cha mashine na marobota ya nyasi, aweza kungoja mvua, amnenepeshe na kumuuza. Simu, ambayo siibezi, kwa maana humletea mjomba fedha za mwanawe aliyeko Dar es Salaam, haikumpa hata wiki moja ya kungoja.

Pale Kizota pana maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, unaonunua nafaka na kuiweka kwa ajili ya siku za dhiki. Zamu ya rafiki yangu itakapofika kusimama hapa, naomba atueleze kwa nini ng'ombe wa Novemba asipate mnunuzi wa namna hiyo.