HARAKA YA RUBANI NA ZAMU YA ASKARI



Ndege itokayo Kigali hufika Kamembe, wilayani Rusizi, kwa muda wa nusu saa hivi. Kwa barabara ipitayo msitu wa Nyungwe, safari hiyohiyo hula sehemu kubwa ya siku. Kwa hiyo uwanja huu mdogo ni mlango wa watu wengi: wa Rusizi wenyewe na wa Bukavu, ng'ambo ya mto. Tena ni mlango ulio mpakani. Mwezi Februari 2025 vita vilifika mpaka uwanja wa ndege wa Kavumu, karibu na Bukavu. Mlango wa namna hii haufai kuachwa wazi hata kwa dakika tano.

Leo yafaa tumtazame adui mmoja wa ulinzi wa viwanja vya ndege asiyebeba bunduki. Adui huyo ni saa.

Ndege iliyosimama chini haileti fedha. Kila dakika ya kuchelewa huvuruga safari inayofuata, na saa za kazi za marubani zina kikomo cha kisheria. Ndipo watumishi wa ndege wanapoingiwa na kishawishi cha kupitisha mikoba yao bila kukaguliwa, kufunguliana milango kwa kitambulisho cha mwenzao, au kuacha upekuzi wa viti na vyoo kabla abiria hawajaingia. Watu hao si waovu. Wameharakishwa, na aliyeharakishwa huona kila utaratibu kuwa kikwazo.

Dunia imekwisha kulipa gharama ya jambo hili. Tarehe 22 Juni 1985, mjini Vancouver, Kanada, msafiri mmoja alimshurutisha karani wa shirika la ndege aupeleke mzigo wake moja kwa moja hadi ndege ya Air India, ijapokuwa nafasi yake katika ndege hiyo haikuwa imethibitishwa. Karani alikataa. Foleni ilikuwa ndefu, mtu yule akazidi kubishana, na mwishowe karani akakubali. Mzigo ulisafiri, mwenyewe hakupanda. Siku ya pili ndege hiyo ililipuka karibu na Ireland, wakafa watu 329.

Mtu asidhani kwamba cheo humkinga mwenye haraka. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, rubani wa KLM aliyekuwa mwalimu mkuu wa marubani wenzake alianza kuruka kabla ya kupewa ruhusa, saa zake za kazi zikiwa zinakaribia kwisha. Ndege yake iligongana na nyingine, wakafa watu 583.

Na hapa kwetu Afrika ya Mashariki, tarehe 2 Februari 2016, ndege ya Daallo ilitoka Mogadishu kwenda Djibouti ikiwa imechukua abiria wengi wa safari nyingine iliyofutwa. Bomu lililofichwa katika kompyuta ya mkononi lililipuka angani. Picha zilionyesha kwamba kompyuta hiyo ilikabidhiwa kwa abiria ndani ya uwanja, na watu wa mlemle uwanjani. Ndege ilirudi na kutua salama; aliyekufa ni mlipuaji mwenyewe. Mwezi Mei mahakama ya kijeshi iliwahukumu watu wawili kifungo cha maisha, na mmoja wao alikuwa amewahi kuwa ofisa wa usalama wa uwanja huohuo. Sare na kitambulisho, basi, si ushahidi wa mkoba ulio salama.

Ndugu askari, ipo siku rubani mwenye mistari minne begani atakuambia, "Tumechelewa, niache nipite." Mjibu kwa heshima: "Kapteni, mkoba wako tafadhali." Akikataa, usigombane naye. Mwite mkuu wa zamu, na uandike katika daftari saa na jambo lililotokea. Nawe uwe mahali pako mapema, mashine ikiwa tayari, ili uchelewaji usitokane na uzembe wako.

Wakuu nao wana wajibu mzito zaidi. Askari aliyezuia ndege kwa sababu ya haki, kisha akakaripiwa mbele ya abiria kwa sababu simu imepigwa kutoka juu, kesho atatazama pembeni. Hapo ukuta utakuwa umebomolewa na wenye nyumba. Mashirika ya ndege nayo hayana budi kuuhesabu muda wa ukaguzi ndani ya ratiba, kama yanavyouhesabu muda wa kujaza mafuta.

Mwenda pole hajikwai. Abiria wa ndege iliyochelewa wataombwa radhi, nao watanung'unika na kusamehe. Wale 329 hawakupata nafasi ya kunung'unika.