Mgeni na Kijana wa Mtumbwi

Leo twataka kusema nanyi juu ya bangi, na hasa juu ya mtu ajaye likizo kwenye ufuo wa ziwa letu, naye asema huitumia kwa halali na kwa kiasi. Tafadhali msizime redio. Hatukuja kuwakaripia vijana; tumekwisha kuwakaripia miaka mingi, na matunda yake mnayaona.

Pale Dunga, karibu na mji wa Kisumu, jioni ni njema sana. Mitumbwi hurudi, ngege hukaangwa, na wageni hukodi mashua kwenda kutazama viboko. Desemba mmoja alikuja huko mwana wa kanisa letu afanyaye kazi Canada. Tulimfundisha kipaimara sisi wenyewe. Alituambia kwa adabu, bila kuficha: "Baba Pasta, kule ni halali. Nanunua dukani, napewa risiti. Sivuti nikiendesha gari, wala mbele ya watoto."

Hakusema uongo. Canada iliwaruhusu watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018, na mtu aweza kutembea na gramu 30 asiulizwe neno. Mwaka huohuo mahakama ya katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba mtu mzima asihesabiwe mkosaji kwa kuitumia faraghani. Na tukiri kwamba kijana huyu alikuwa mwangalifu kuliko wazee wetu kadhaa na chang'aa yao.

Lakini sheria ya Canada haipandi ndege pamoja na abiria. Hapa Kenya bangi yakatazwa na sheria ya 1994. Ilirekebishwa mwaka 2022, na hata hivyo mwenye kukutwa na kidogo cha kuvuta mwenyewe aweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000. Kwa mgeni, hizo ni fedha. Kwa mpiga kasia, ni mtumbwi na nyavu pamoja.

Basi mgeni wetu aliipata wapi? Hakwenda mwenyewe. Alimtuma kijana wa miaka 19 aliyempeleka ziwani asubuhi ile, akampa noti ya elfu. Kijana akaenda, kwa maana mgeni ndiye riziki ya siku. Askari wakamkuta barabarani na misokoto minne. Mgeni aliposikia alihuzunika kweli, akampa mama wa kijana fedha kidogo, na siku ya tatu akapanda ndege, likizo imekwisha.

Mama yule alikuja kwetu. "Pasta, mtoto wangu yuko ndani siku ya nne." Tukamwambia tutamwombea. Jumapili tukahubiri juu ya bangi kwa sauti kubwa, naye mama ameketi safu ya tatu, kitambaa machoni. Kijana alikuwa rumande Kodiaga kwa kukosa dhamana. Kutoka nyumbani kwetu hadi Kodiaga si mbali. Twapita pale mara nyingi tukienda mikutanoni. Tulikaa majuma matano kabla ya kuingia.

Tulipofika hakutulaumu. Alituuliza jambo moja tu: je, yule ndugu alifika salama kule Canada?

Tulipokuwa chuo cha theologia tulisoma Wakorintho wa Kwanza, mlango wa 8, habari ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, tukaona ni mambo ya kale yasiyotuhusu; nani auza nyama ya sanamu katika soko la Kibuye? Siku ile njiani kurudi tuliuona mlango ule upya. Paulo habishani na mwenye ujuzi. Amkubalia kwamba ujuzi anao. Kisha amwonyesha mtu mwingine, yule dhaifu, aliye karibu na meza. Mgeni wetu alijipima kwa mambo yote, gari, watoto, kiasi. Aliyemtuma hakumpima.

Tuseme na neno la ziwa lenyewe. Wako wavuvi wa omena, wale wa taa za usiku, wavutao ili kushinda baridi na hofu. Bangi huchelewesha akili kukadiria muda na umbali. Upepo ukigeuka usiku, mbali na nchi kavu, hofu ile waliyoifukuza ndiyo ingewaambia warudi. Wajane wa ufuoni hawahitaji mahubiri yetu juu ya hilo.

Kijana alitozwa faini. Wazee wa kanisa walichanga, nasi tukachanga, tukiwa na haya. Sasa amerudi kwenye kasia. Mgeni ameandika kwamba yuaja tena Desemba. Tumemjibu kwamba kabla ya kushuka ufuoni apitie nyumbani kwa mama yule, nasi tutafuatana naye.