Kaplingi ya Mashine ya Aiskrimu ya Injini: Tuchague Kitakachokatika Kwanza



Vipande hivi vitatu vya alumini nilivyoviweka mezani vilikuwa pini moja. Viwili vya pembeni vilibaki kwenye bushi na cha katikati kikabaki ndani ya shafti, siku aiskrimu ilipoganda kuliko nilivyotarajia na injini ikaendelea kuvuta. Pini ilikatika, mwiko, giaboksi na injini vikapona. Ninachowaomba leo ni kwamba anayejiundia mashine ya aiskrimu ya injini achague kaplingi kwa kuifikiria dakika hiyo ya mwisho. Mwanzoni maziwa yakiwa bado maji, kaplingi yoyote inafaa.

Mashine yenyewe ina umri mkubwa. Nancy Johnson wa Philadelphia, Marekani, alipata hataza yake mwaka 1843: mtungi wa maziwa ndani ya ndoo ya barafu na chumvi, mwiko ndani ya mtungi, na mpini wa kuzungusha kwa mkono. Huko huko Marekani, wapenzi wa injini kuukuu za mashambani, kama John Deere Model E, huziunganisha na mitungi ya namna hiyo kwenye maonyesho hadi leo. Injini zile huenda polepole na huvuta kwa mkanda bapa. Mzigo ukizidi, mkanda unateleza. Sisi tukiiga, mara nyingi tunachukua injini na kuuacha mkanda. Tunafunga chuma kwa chuma, na hasara inaanzia hapo.

Tuchukue injini ndogo ya petroli kama ya pampu ya maji, aina ya Honda GX160. Nguvu yake kubwa ya kuzungusha ni takriban nyutoni mita 10. Mtungi unatosheka na mizunguko 60 hivi kwa dakika. Injini ikienda kwa mizunguko 1,800, inabidi tupunguze mwendo mara 30, na mwendo ukipungua nguvu inaongezeka. Hata theluthi nzima ikipotea kwa msuguano, upande wa mtungi zinaweza kufika nyutoni mita 200. Mwiko wa mbao au wa bati hauna ubavu wa kuhimili hizo.

Mtungi unahitaji ngapi hasa? Msikisie, pimeni. Fungeni mkono wa chuma wa sentimita 30 kwenye shafti ya mtungi, tieni mizani ya ndoano kwenye ncha yake, kisha vuteni aiskrimu ikiwa imekaza kiasi mnachokitaka. Tuseme mizani imesoma kilo 9. Zidisha kwa 9.81, zidisha tena kwa 0.3: unapata nyutoni mita 26 na nusu. Basi kiungo cha upande huu kiachie kwenye nyutoni mita 40 hivi. Kipimo hiki kinachukua dakika tano, na kwangu kina thamani kuliko orodha yoyote ya dukani.

Viungo vyenyewe ni viwili, na kila kimoja kina kazi yake.

Kati ya injini na giaboksi mwendo ni mkali ila nguvu ni ndogo. Adui hapa ni mtikiso. Injini ya silinda moja yenye mipigo minne huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 1,800 hizo ni ngumi 15 kila sekunde. Bomba la chuma lililofungwa moja kwa moja litazipeleka zote kwenye beringi na kwenye meno ya gia. Chaguo langu ni kaplingi ya kucha yenye nyota ya mpira katikati. Inameza mtikiso na inavumilia shafti zikipishana kidogo, ila kidogo kweli: chini ya nusu milimita, na mkengeuko wa takriban digrii moja. Kwa hiyo injini na giaboksi zikae kwenye fremu moja ya chuma. Kipande cha mpira wa bomba kilichokazwa kwa klipu kinafaa kwa majaribio tu.

Kabla ya kununua, pimeni shafti kwa kalipa. GX160 hutoka na shafti ya milimita 20, na pia hutoka na ya robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05. Kwa macho hazitofautiani. Nimeshuhudia kaplingi ya 20 ikivishwa kwenye 19.05, nafasi ikajazwa ukanda uliokatwa kwenye kopo la soda. Ilizunguka kama yai, na kabla jioni haijafika kii kilikuwa kimeshakula njia yake. Peleka kaplingi yenye tundu dogo kwa mkerezaji akutanulie kwa kipimo cha shafti yako.

Kati ya giaboksi na mtungi mambo yanageuka: mwendo wa polepole, nguvu nyingi, chumvi na chakula. Cheni ya pikipiki iliyozungushiwa sproketi mbili ni kaplingi imara sana, lakini inataka grisi, na grisi juu ya mtungi wa maziwa siikubali kabisa. Mkiipeleka chini ya ndoo, maji ya chumvi yataila. Bushi ya chuma kisichoshika kutu, iliyotobolewa pamoja na shafti na kupitishiwa pini ya alumini, haihitaji grisi hata tone. Kwa shafti ya milimita 20, nyutoni mita 40 ni mzigo wa karibu kilo 200 kwenye kila sehemu kati ya mbili ambazo pini itakatikia. Anzeni na pini nyembamba, milimita 3, mkiongeza unene taratibu mpaka aiskrimu iive bila pini kukatika mapema. Ya akiba iwe ya alumini vilevile. Anayechomeka msumari ameshaondoa kinga yote.

Palipo na aiskrimu watoto hawakosekani. Kichwa cha skrubu kilichochomoza kwenye kaplingi kinatosha kunasa upindo wa kanga, basi vifunikeni viungo vyote viwili kwa bati, na injini iwashwe nje, penye hewa. Na kabla ya kuiwasha kwa mara ya kwanza, chomoeni waya wa plagi, kisha zungusheni mashine yote kwa mkono, mtungi utimize mzunguko mmoja kamili. Pakikwama, msiwashe.