Gari Linamwambia Nani?

Msikilizaji, kama unanisikiliza ukiwa ndani ya gari lililoshushwa bandarini kutoka Japan, huenda leo asubuhi ulipoliwasha ulisalimiwa na yule mama wa Kijapani. Wengi tumemzoea hadi hatumsikii tena. Anachosema ni kwamba kadi haijachomekwa, na kadi yenyewe ni ya kulipia barabara za kwao. Kifaa kile kilitengenezwa kizungumze na mageti ya Japan kwa mawimbi ya redio, ili dereva apite bila kufungua dirisha. Huku hakuna geti la kumjibu, na mama hakati tamaa. Redio ya gari hilo nayo, kama ni la miaka ya nyuma, ilikuja ikiishia megahezi 90. Ilibidi fundi akufungie kipanua mawimbi ndipo ukatupata sisi tulio juu ya hapo.

Sasa magari yanayokuja yana maneno mengi zaidi, na safari hii yanaambizana yenyewe kwa yenyewe. Mara kumi kila sekunde gari hutoa ujumbe mfupi: niko hapa, naelekea huku, mwendo wangu ni huu, nimekanyaga breki. Gari jingine lililo ndani ya mita kama 300 linausikia, linapiga hesabu, na likiona mnakwenda kugongana linamshtua dereva.

Njia mojawapo ya kufanya hivyo imezaliwa kwenye simu. Mwaka 2017 shirika la 3GPP, ambalo ndilo huandika kanuni za mitandao ya simu duniani, lilikamilisha kanuni zake za kwanza kwa ajili ya magari. Ukimpigia simu mtu aliyekaa kiti cha nyuma yako, sauti yako hupanda mnarani kwanza ndipo imrudie. Hapa mnara unarukwa. Gari halihitaji laini wala bando, na hata katikati ya pori lisilo na mtandao kabisa litaendelea kusema. Zamu ya kusema linajipangia lenyewe. Linasikiliza hewa kwa sekunde moja, linaona nafasi zipi wenzake wamezishika, linachukua iliyo wazi na kuishikilia kwa muda. Saa ya kuwaweka wote sawa inatoka kwenye setilaiti.

Madereva wetu wanayo lugha yao ya namna hiyo siku nyingi. Uko nyuma ya semi, mnapanda mlima Kitonga, na anayeshuka humwoni. Dereva wa semi akiwasha indiketa ya kushoto anakwambia pita, kweupe. Akiwasha ya kulia, tulia nyuma yangu, kuna mtu anakuja. Naipenda lugha hiyo, kwa sababu anayeisema hapati chochote kwa kukuokoa. Ila indiketa ya kulia ina maana yake ya darasani vilevile: nakata kulia. Tena yule anayekwambia pita anakisia kwa niaba yako. Basi linaloshuka analiona, lakini gari lako lina nguvu kiasi gani hajui, nawe huwezi kumuuliza. Ujumbe wa redio ungeleta mwendo wa lile basi kama ulivyo, kwa tarakimu, na gari lako lingejua kama nafasi inatosha.

Mradi ujumbe ufike. Dunia kwa sehemu kubwa imechagua bendi ya gigahezi 5.9 kwa kazi hii, na masafa ya juu namna hiyo hayapendi kuta za mlima. Wajapani walilipima jambo hilo mapema. Mfumo wao, ulioanza kuuzwa ndani ya magari ya Toyota mwaka 2015, ulipewa megahezi 760, mawimbi yanayojipinda vizuri zaidi kwenye kona. Kwa ufundi ni uamuzi mzuri. Kwa sisi tunaonunua magari yao yakishatumika ni balaa, maana eneo hilo la masafa sehemu nyingi za dunia limetengewa simu za mkononi. Mama wa kadi atakuwa amepata mwenzake.

Wakubwa wengine nao hawakuelewana. Marekani ilitenga upana wa megahezi 75 kwa ajili ya magari mwaka 1999, ikaishia kuona magari machache mno yakizitumia. Mwaka 2020 tume yao ya mawasiliano, FCC, ikachukua 45 ikazipa Wi-Fi, na 30 zilizobaki ikazielekeza kwenye teknolojia hii ya simu. China ilikwisha kuchagua njia ya simu mwaka 2018 na kuitengea megahezi 20. Ulaya, Volkswagen waliifungia Golf ya kizazi cha nane mfumo wa ukoo wa Wi-Fi. Golf hiyo na gari la Shanghai yakikutana njiani, kila moja litasema na hakuna litakalomwelewa mwenzake.

Sisi tuna nini mkononi? Tuna VTS, mfumo wa kufuatilia magari. Mabasi yetu ya mikoani yamefungwa kifaa ambacho kupitia mtandao wa simu huiambia LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini Tanzania, basi liko wapi na linakwenda kasi gani, na dereva akizidisha mwendo kinapiga kelele hadi abiria wanajua. Kazi nzuri, siibezi. Lakini angalia nani anaambiwa. Basi linaripoti ofisini, na semi iliyo mbele yake kwenye kona haijui lolote.

Ningeanzia hapohapo, kwa mabasi na malori makubwa, kwa sababu ya hesabu moja ndogo. Ili magari mawili yaambizane, yote mawili sharti yawe na kifaa. Kama gari moja kati ya kumi linacho, basi katika kila makutano mia ya magari mawili ni mara moja tu ambapo pande zote zinasikilizana. Mkisubiri kila mwenye gari dogo anunue kwa hiari yake, mtasubiri sana. Mabasi na semi yana leseni na yanakaguliwa, na serikali ilikwisha kuonyesha kwa VTS kwamba ikiamua vifaa vinafungwa. Bodaboda hayumo, wala mwenda kwa miguu. Kanuni za 3GPP zinamfikiria mtembea kwa miguu mwenye simu, ila simu tunazouziwa madukani hazina redio hiyo. Nasema hivyo asije mtu akatuahidi mwisho wa ajali.

Masafa yenyewe si tatizo kubwa kama tutaamua mapema. Mkutano wa dunia wa masafa uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2019 ulizishauri nchi zipange mifumo hii kwenye bendi zilizokubaliwa kwa pamoja, na 5.9 imo. Kazi ngumu ipo kwenye vyeti. Kila ujumbe husainiwa kidijitali, la sivyo mhuni yeyote mwenye kompyuta angejifanya basi lililosimama ghafla katikati ya barabara. Na vyeti vinavyothibitisha saini hizo hubadilishwa kila mara, ili jirani yako asivitumie kukufuatilia unakokwenda. Lazima awepo wa kuvitoa vyeti hivyo na wa kumnyang'anya anayedanganya. Semi inayopakia bandari ya Dar es Salaam inashusha Lubumbashi au Kigali. Cheti chake kikikataliwa ng'ambo ya mpaka wa Tunduma au Rusumo, itamaliza safari ikiwa bubu. Kwa hiyo TCRA, wasimamizi wetu wa mawasiliano, wakianza kuandika barua, ningependa za kwanza ziende Lusaka, Kinshasa na Kigali, kabla hawajamwandikia muuza vifaa yeyote.