Ini Lenye Maji Usimtupie Mbwa
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Turkana)

Akina mama, wazee na vijana wa vikundi, leo tuache kidogo habari ya mkopo wa mbuzi, tuseme juu ya mbwa.

Mbwa ni askari wetu. Sisemi muwaue, maana nani atalinda mbuzi usiku? Lakini tumboni mwake huweza kuishi tegu wadogo sana, mmoja kama punje ya mchele, tena maelfu. Mayai yao hutoka na mavi, yakashika kwa manyoya, mchangani na kwenye maji ya kunywa. Mtoto anamshika mbwa, kisha anakula na mkono ule ule. Yai likiingia mwilini huwa mfuko wa maji katika ini au mapafu, nao hukua polepole, hata miaka, bila uchungu.

Hapa Turkana miaka ya 1970 na 1980 wachunguzi waliukuta ugonjwa huu kwa wingi kuliko karibu mahali popote duniani, na akina mama kuliko wanaume. Si ajabu. Nani anashinda na mbwa nyumbani? Nani alimwachia mbwa amrambe mtoto akishajisaidia? Mwaka 1983 AMREF walianza kazi ya kuupiga vita huko kaskazini.

Sasa mbwa naye anautoa wapi? Kwetu! Tunachinja mbuzi, tunaona ini lina mifuko ya maji, tunasema halifai, tunamtupia mbwa. Ndiyo hiyo mbegu yenyewe. Wengine huuliza, nikila nyama ya mbuzi yule nitaugua? La, mtu huugua kwa mayai yatokayo kwa mbwa. Basi ini hilo, au pafu, lichome liwe majivu, ama lizike shimo refu na mawe juu. Kama kuni ziko, lichemshwe nusu saa nzima ndipo mbwa apewe.

Dawa ya kutoa tegu kwa mbwa iko, lakini akila ini bovu tena anarudia pale pale, kwa hiyo hurudiwa kila wiki sita hivi.

Na jameni, mtu akivimba tumbo msimchome moto wala kumtoboa. Maji yale yakimwagika ndani anaweza kufa papo hapo, au mifuko mipya iote tumboni. Apelekwe hospitali, apigwe picha. Wengine hupewa vidonge, wengine hupasuliwa.

Wenyeviti, kila mmoja aandike mbwa walioko katika kila boma, ndipo tuulize ofisi ya mifugo bei ya dawa. Haya, maswali.