Mabalozi, Fahari na Dhahabu Yetu



Tumeulizwa swali la haki. Mchimbaji wetu wa Lupa akipata dhahabu kidogo huipeleka soko la madini, akakatwa mrabaha, ambao sheria ya mwaka 2017 iliuweka asilimia 6. Mbona balozi wa nchi ya nje huagiza gari la fahari na mvinyo bila ushuru?

Huo si upendeleo wa Serikali yetu. Ni Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, na mabalozi wetu ugenini huneemeka nao vivyo hivyo. Lakini msamaha huo una mpaka: ni kwa kazi ya ubalozi na matumizi ya nyumbani mwa balozi, si biashara. Kwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, gari hilo likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, ushuru hudaiwa. Anayelinunua kwa siri anatuibia sote.

Tena mizigo ya mabalozi haifunguliwi ila kwa sababu nzito. Machi 2015, uwanja wa ndege wa Dhaka, Bangladesh, ofisa wa ubalozi wa Korea Kaskazini alikutwa na dhahabu yapata kilo 27. Hakufungwa. Alirudishwa kwao tu.

Basi akija mtu mashimoni usiku kununua dhahabu nje ya soko, hata gari lake liwe na namba za ubalozi, msimwuzie. Yeye ana kinga. Atakayeshtakiwa ni wewe uliyeuza.