Mkasi wa Mhariri ni Amana



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, ndugu zangu, nimeombwa niwaeleze kile ninachojifunza katika masomo ya habari, hasa kupiga filamu na kuhariri. Najua wako wanaojiuliza, kamera na Ramadhan wapi na wapi? Nisikilizeni kidogo.

Kwanza tuondoe dhana kwamba hii ni elimu ya watu wengine. Miaka elfu moja hivi iliyopita, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi zake Cairo, aliandika Kitab al-Manazir. Humo alieleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia machoni mwetu. Alichunguza pia mwanga unaopenya tundu dogo na kuingia chumba cha giza. Kamera yoyote, hata hiyo ya simu iliyo mfukoni mwako, ndicho hicho chumba cha giza chenye tundu.

Mambo ya msingi si mengi, na simu ya kawaida yatosha kuanzia. Ukimhoji mtu, mwelekeze kwenye mwanga wa dirisha. Dirisha likiwa nyuma yake, uso utatoka mweusi tititi. Sauti nayo ndiyo inayowashinda wengi. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, lakini mwangwi wa ukumbini humfanya azime. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kanzu ni bora kuliko kamera ya bei ghali iliyo mbali na msemaji. Kisha usiyumbishe kamera huku na huku. Ishike imara, hesabu mpaka kumi, ndipo uhame. Piga picha ya mbali ituonyeshe mahali, ya kati ituonyeshe watu, na ya karibu ituonyeshe uso ama mikono. Bila hizo, siku ya kuhariri utakaa mbele ya kompyuta huna cha kuunganisha.

Na kwenye kuhariri ndiko liliko neno langu la leo. Video ya runinga zetu hupitisha picha 25 kwa kila sekunde. Mawaidha ya nusu saa, basi, ni picha 45,000, na kila moja ni mahali ambapo mkasi waweza kupita.

Karne moja hivi iliyopita, Mrusi aitwaye Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji, uso usioonyesha lolote. Akaiunganisha na picha ya bakuli la supu, kisha na ya maiti ndani ya jeneza. Husimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa mara ya kwanza, na huzuni mara ya pili. Uso ni ule ule! Kilichobadilika ni jirani yake tu.

Sasa lete hilo kwetu. Tuseme sheikh amesema hivi: "Kuna watu husema binti akibaleghe hana haja ya shule. Maneno hayo ni makosa." Kata maneno matatu ya mwanzo, kata na sentensi ya mwisho. Kilichobaki ni, "Binti akibaleghe hana haja ya shule." Sauti ni yake, midomo ni yake, hujamwongezea hata neno moja, na tayari umemsingizia. Ukiituma kwenye WhatsApp baada ya futari, kabla ya tarawehe kwisha mji mzima wamtukana.

Sisi vijana wa Kiislamu hulalamika, na mara nyingi kwa haki, kwamba vyombo vya habari hutukatakata. Je, mkasi ukiwa mkononi mwetu twafanyaje? Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamuru tuhakikishe habari zinapotufikia. Mara nyingi twaielekeza kwa anayepokea. Anayeitengeneza habari ana mzigo mzito zaidi, kwa kuwa yeye ameuona mkanda mzima.

Jambo la pili ni sitara. Mwezi huu twagawa unga, mchele na tende, na kila kikundi chataka video. Mama amepanga foleni, kamera yamjia usoni hadi machozi yaonekane. Yeye amekuja kutafuta futari ya watoto wake, hakuja kuwa tangazo letu. Hata sheria ya nchi imeliangalia suala la picha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Utaniuliza, sasa tutaonyesha nini? Piga magunia yakipakuliwa, mikono ikipokea, migongo ya vijana yenye jasho. Mipaka haiui filamu. Moustapha Akkad alipotengeneza The Message, iliyotoka mwaka 1976, Mtume (s.a.w.) haonekani wala sauti yake haisikiki. Waigizaji huongea wakiielekea kamera, na kisa chaeleweka.

Kwa hivyo, ndugu yangu unayeanza, shika haya. Weka mkanda wote ambao haujakatwa, usiufute. Ukimaliza kuhariri, mwonyeshe aliyehojiwa umuulize, "Hivi ndivyo ulivyokusudia?" Akisema sivyo, rudi mezani, hata kama watu wasubiri na saa ya daku imekaribia.

Saumu yatufundisha kuacha hata kilicho halali, chakula kiko mbele yetu na hakuna mwanadamu atuonaye. Mhariri naye hufunga pale anapoiacha picha ambayo ingemletea watazamaji maelfu, kwa sababu yamvunjia mtu heshima. Peke yako chumbani na kompyuta yako, hakuna ajuaye ulichokata ila wewe na Mola wako.

Allah atutakabalie saumu zetu, na atujaalie mikono yenye kuchunga amana. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.